Bahari Ipwayo Isijae

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika mji ambao bahari yake huganda. Mji huo unaitwa Luleå, nao uko kaskazini mwa Uswidi, kwenye pembe ya juu ya Ghuba ya Bothnia, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa ule mstari ambao ukiuvuka, jua la katikati ya majira ya joto halizami kabisa. Manispaa nzima ina watu wanaokaribia 80,000. Wanafunzi wangu mimi ni sita.

Mwenyewe ni mzaliwa wa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Nilifika huku miaka 13 iliyopita pamoja na mume wangu, aliyekuja kusomea uhandisi wa migodi katika chuo kikuu cha ufundi kilichopo hapa, na majaaliwa yakawa tukae. Kati ya wale sita, mmoja ni kitinda mimba wangu. Wawili ni watoto wa mama wa Kirundi, mmoja baba yake ni Mswidi na mama yake ni wa Morogoro, na wawili waliobaki ni ndugu, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 8, Wakongo waliozaliwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kwa hiyo darasani mwangu neno moja huwa na nchi tatu. Nikisema "bibi" wengine wanamwona nyanya yao, na wale wawili wanamwona mke wa mtu.

Naitaja idadi yao kwa sababu ina uzito kisheria. Nchini Uswidi mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani ana haki ya kufundishwa lugha hiyo shuleni, na manispaa ndiyo inayolipa. Lakini haki hiyo ina sharti: wapatikane mwalimu anayefaa na wanafunzi wasiopungua watano. Wakiwa wanne, manispaa hailazimiki tena. Nami kila mwaka wa shule unapoanza, mwezi wa Agosti, huhesabu vichwa kama mchungaji mwenye mbuzi wachache.

Msimu uliopita wa masomo niliamua kuacha kwa muda vitabu vya hadithi za sungura na fisi. Nilikuwa nimegundua kwamba watoto hawa wana Kiswahili kizuri cha jikoni na sebuleni, cha kuomba chakula na kugombana, lakini kilikuwa kinaishia mlangoni. Wakitoka nje, kila kitu kilikuwa na jina la Kiswidi tu. Bandari, kiwanda, meli, hata theluji waliyoikanyaga miezi sita kwa mwaka, havikuwa na jina katika lugha ya mama zao. Mtu asiyeweza kuutaja mji wake katika lugha fulani atabaki mgeni katika mojawapo, ama katika mji ama katika lugha. Basi nikawapa kazi moja ya mwaka mzima: kila mmoja aweze kumweleza mzee wake aliye mbali, kwa Kiswahili tupu, mahali anapoishi pakoje.

Tukaanzia na bahari, kwa kuwa mwalimu ni mtu wa pwani. Hapo hapo mwalimu akaanza kufundishwa. Bahari hii haina chumvi ya kutosha kuitwa bahari na mtu wa Tanga, kwani mito mikubwa inayomwagika humo imeizimua, na chumvi yake ni takriban sehemu ya kumi tu ya ile ya Bahari ya Hindi. Samaki wa maziwa na mito huishi humo bila shida. Tena haina kupwa wala kujaa kwa kuonekana. Kwetu mwezi ndio unaopanga kazi za pwani. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza, na nahodha hasafirishi jahazi bila kuuliza maji yakoje. Hapa unaweza kufunga mashua jioni na kuikuta asubuhi kwenye kina kile kile.

Lakini ipo kupwa nyingine, na hiyo ndiyo iliyonishangaza zaidi ya baridi na zaidi ya giza. Zamani za kale sehemu hii yote ilifunikwa na barafu nene kupita kiasi, inayokadiriwa kufikia unene wa karibu kilomita 3. Uzito wake uliididimiza ardhi kama mtu anavyolididimiza godoro kwa kulilalia. Barafu ikayeyuka huku yapata miaka 10,000 iliyopita, na tangu siku hiyo ardhi inarudi juu taratibu, na hadi leo haijamaliza. Luleå hupanda milimita 8 hadi 9 kila mwaka. Bahari za dunia nazo zinaongezeka, na hilo linapunguza kidogo ushindi wa ardhi, ila ardhi bado inashinda. Wenzetu wa Pangani, wanaojua bahari inayokula viwanja vya watu, wakiambiwa kwamba kuna pwani ambako nchi kavu inaimeza bahari, sijui watacheka au watalia.

Nikawaambia watoto wapige hesabu. Yule binti wa Kikongo akasema kwamba ardhi imepanda karibu sentimita 10 tangu azaliwe yeye. Akapima kwa kiganja chake ukutani. Mdogo wake akauliza kama hiyo ndiyo sababu ya watu wa hapa kuwa warefu.

Athari za jambo hili mtu huziona kwa macho. Mabanda ya mashua yaliyojengwa ukingoni mwa maji na mababu wa watu sasa yamesimama katikati ya nyasi. Visiwa vya manispaa hii vimepita 1,300 na idadi yenyewe haitulii, kwa maana miamba mipya hujitokeza na visiwa vya zamani huungana na bara. Na mji wenyewe ulishahama kwa sababu hiyo.

Tuliwapeleka watoto kuuona mji wa kwanza. Unaitwa Gammelstad, nao uko kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji wa sasa. Binti wa Morogoro ndiye aliyepata tafsiri: Mji Mkongwe. Nikafurahi mno, kwani ndivyo neno hilo lilivyo, na kama ule wa Unguja, nao umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, huu tangu 1996 na ule wa Unguja tangu 2000. Katikati yake pana kanisa kubwa la mawe lililokamilika mwishoni mwa karne ya 15, na kulizunguka pana vijumba vya mbao zaidi ya 400, vingi vimepakwa rangi nyekundu. Havikuwa vya kuishi. Watu wa mashamba ya mbali walipokuja kwenye ibada na sikukuu hawakuweza kurudi siku ile ile kwa ajili ya umbali na baridi, basi kila ukoo ukajenga kijumba cha kulala. Hata leo vingi vina wenyewe, na vimerithiwa kizazi baada ya kizazi.

Mbele ya kanisa hilo ndiko kulikokuwa na bandari. Mwaka 1621 Mfalme Gustav II Adolf alipatia mahali pale hadhi ya mji wa biashara. Miaka 28 tu baadaye, mwaka 1649, mji ukahamishwa kufuata maji, maana ghuba ilikuwa imekuwa fupi kwa kina na meli haziwezi kuingia. Kanisa likabaki, vijumba vikabaki, soko likaondoka. Ghuba ile siku hizi ni ziwa la maji kidogo lenye matete, nalo ni hifadhi ya ndege. Watoto walisimama pale wakiwatazama bata, nami nikiwaambia kwamba hapa ndipo meli zilipotia nanga, na nikaona machoni mwao kwamba hawaniamini kabisa.

Mji mpya nao haukupewa raha. Mwaka 1887 moto uliuteketeza karibu wote. Mwaka uliofuata, kabla watu hawajamaliza kujenga upya, reli ikafika kutoka migodi ya chuma ya Gällivare, zaidi ya kilomita 200 ndani ya nchi, na treni za mawe ya chuma zikaanza kushuka bandarini. Tangu hapo maisha ya Luleå yamefungamana na mawe hayo. Kasoro ilikuwa moja: bandari iliganda. Ndiyo maana reli ikaendelezwa hadi Narvik nchini Norway, iliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu maji ya kule hayagandi. Siku hizi Luleå hupokea meli mwaka mzima, kwa msaada wa meli za serikali za kuvunja barafu ambazo hupumzika hapa gatini kila majira ya joto, nyeusi kwa chini na manjano kwa juu, kubwa kama majengo. Majina yake, Atle, Frej na Ymer, ni ya visa vya kale vya watu wa kaskazini, na watoto wanayajua kama watoto wa Tanga wanavyojua majina ya mabasi.

Kiwanda cha chuma kilianzishwa na serikali mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto. Nia yake ilikuwa mawe yayeyushwe hapa hapa badala ya kupelekwa ghafi ughaibuni. Msomaji wa Afrika Mashariki haitaji kufafanuliwa hamu hiyo. Katika miaka ya 1970 hamu ikazidi kipimo. Bunge likapitisha mwaka 1974 mpango wa kujenga kiwanda kikubwa zaidi kilichoitwa Stålverk 80, mji ukajiandaa kupokea maelfu ya wafanyakazi, kisha soko la chuma duniani likaporomoka na mwaka 1976 mpango ukafutwa. Wazee wa hapa hulitaja jina hilo kwa sauti ile ile ambayo wazee wetu hutajia mkonge.

Tulipofika kwenye kiwanda tukakwama kwenye neno. Watoto walisema "chuma," nikawaambia kwamba chuma kikishasafishwa kikawa kigumu na chenye kupindika bila kuvunjika, Kiswahili kina jina lake la heshima, nalo ni feleji. Upanga mzuri ulikuwa upanga wa feleji. Walilipenda neno hilo kuliko yote ya mwaka mzima. Yule mdogo wa Kikongo, ambaye baba yake hufanya kazi upande wa tanuri, alikwenda nyumbani akamwambia, "Baba, wewe ni mutu wa feleji," na baba yake akanipigia simu usiku huo kuuliza nimemwita nani.

Hapa pana jambo ambalo sikulijua hata mimi, na niliishi ndani yake miaka mingi. Ndani ya tanuri, mawe ya chuma huyeyushwa pamoja na makaa ya mawe yaliyookwa, na moshi unaotoka juu yake bado una uwezo wa kuwaka. Zamani sehemu kubwa ya hewa hiyo ilichomwa ikapotea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hupelekwa kwa mabomba kwenye mtambo unaoichoma, ukazalisha umeme na kuchemsha maji, na maji hayo ya moto hupita chini ya barabara hadi kwenye majengo ya mji. Hivyo basi, nje kukiwa na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, nami nikiwa nimekaa na kanga tu begani, joto lile ni mabaki ya kazi ya tanuri. Kwa miaka mingi bei yake imehesabiwa miongoni mwa zilizo nafuu zaidi Uswidi nzima. Binti alilieleza kwa ufupi kuliko mimi. Alisema: mji wote unaota moto mmoja.

Na moto huo utazimwa. Makaa ya mawe huchafua hewa, na kampuni ya chuma, SSAB, ndiyo miongoni mwa wachafuzi wakubwa wa nchi. Mwaka 2020 kilifunguliwa hapa Luleå kiwanda cha majaribio ambacho huondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma kwa haidrojeni badala ya makaa, na kinachotoka kama mabaki ni mvuke wa maji. Mwaka uliofuata feleji ya kwanza ya namna hiyo ikakabidhiwa kwa watengenezaji wa magari. Kisha mwaka 2024 kampuni ikatangaza uamuzi wa kujenga kiwanda kipya cha matanuri ya umeme, kwa gharama ya euro bilioni 4.5, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 2.5 za feleji kwa mwaka. Kikianza kazi, jambo lisilotarajiwa kabla ya mwisho wa muongo huu, tanuri la zamani litafungwa, na hewa chafu ya Uswidi yote itapungua kwa takriban asilimia 7. Ni jambo jema, sina shaka nalo. Ila moshi ule uliokuwa unatupasha joto hautakuwepo tena, na manispaa inalazimika kutafuta joto mahali pengine.

Baba wa wale ndugu wawili aliniuliza mwezi wa Februari kama Göteborg, kusini, kuna mwalimu wa Kiswahili. Shemeji yake yuko huko. Amepewa maelezo kazini kwamba wafanyakazi watafundishwa kazi za mitambo mipya, lakini yeye kandarasi yake ni ya mwaka hadi mwaka, na Kiswidi chake ni cha kazini, si cha darasani. Nikamjibu kama ilivyo, kwamba Göteborg ni jiji kubwa, Waswahili ni wengi, na watoto wake watapata wenzao wengi kuliko hapa. Alinishukuru. Nilipokata simu nikahesabu: sita ukitoa wawili.

Mume wangu husema nisiwatie watu uzito wa darasa langu. Ni kweli. Mtu hawezi kuombwa abaki kwenye baridi ili watoto wa jirani watimie watano.

Wakati huo huo, masomo yaliendelea. Mwezi wa Machi bahari ikiwa imeganda vizuri tulitembea juu yake. Manispaa husafisha njia pana juu ya barafu kuuzunguka mji kutoka bandari ya kaskazini hadi ya kusini, na watu huitembea kama wanavyotembea ufukweni kwetu jioni: wazee wakisukuma viti vyenye miguu mirefu ya chuma inayoteleza, vijana kwa viatu vya kuteleza, kina mama na vigari vya watoto. Magari nayo yana barabara yao ya barafu ya kwenda visiwani. Niliwauliza watoto, kwa Kiswahili mtu akitembea juu ya bahari tuseme anafanya nini? Hawakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Tukakubaliana kuiita njia ile "daraja la msimu."

Somo la jua lilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa kila nyumba yetu inalijua kwa tumbo. Mwezi wa Desemba mchana ni wa saa tatu tu, na mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa sita usiku, likachomoza baada ya saa moja hivi. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama mwaka 2015 na 2016, swali la lini tule na lini tujizuie lilizungumzwa katika kila familia ya Kiislamu ya kaskazini. Masheikh walikuwa na rai mbalimbali: wako waliofuata saa za Makka, wako waliofuata mji wa karibu wenye usiku wa kawaida, na wako waliosubiri lile jua la saa sita. Hatukugombana. Tulifuturu kwa zamu, jirani kwa jirani, na aliyetangulia alimwachia mwenzake sambusa.

Mwezi wa Mei kila mtoto alirekodi sauti yake kwenye simu na kuituma. Kitinda mimba wangu alimweleza mama yangu habari za meli za barafu kwa dakika 11, hadi mama akaomba ihurumiwe bando yake. Binti wa Kikongo alimtumia nyanya yake, ambaye bado yuko Nyarugusu. Alieleza yote kwa mpango: maji yasiyo na chumvi, ardhi inayopanda, mji uliohama kuifuata bahari, mawe yanayoshuka kwa treni, feleji, na mji wote unaoota moto mmoja. Hakuchanganya hata neno moja la Kiswidi. Pale aliposita, nilimsikia akivuta pumzi na kulitafuta neno.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Yule bibi, mtu ambaye amepika kwa kuni miaka yote ya kambini, hakuuliza habari za barafu wala za jua. Aliuliza: huo moto ukizimwa, nyinyi mtaota nini?

Binti aliniletea simu ili nimsaidie kujibu. Nikamwambia ajibu mwenyewe, anajua. Akafikiri kidogo, akabonyeza, akasema, "Bibi, bado wanatafuta. Wametuambia muda upo." Kisha akaniuliza kama Agosti tutaendelea na visiwa au na samaki. Nikamwambia samaki, kwa kuwa ndio utakaokuwa unakaribia msimu wa wale wadogo kama dagaa wanaovuliwa huku kwa ajili ya mayai yao, akaliandika hilo kwenye daftari lake, pamoja na neno "Agosti."